Apu ipewe jibu, isipewe maisha yangu

Na Mutheu Kioko

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Machakos mjini. Alikuwa na simu mpya, matunda ya miezi mingi ya kubeba abiria kwa bodaboda, na alitaka nimsaidie kujaza maombi ya mkopo kwenye apu aliyoipata kwa kiungo alichotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp. Hata jina lake haijaliuliza, apu ile ikaomba ruhusa ya kujua alipo "wakati wote". Nikamuuliza kama anaelewa maana yake.

"Shangazi, si wanataka tu kujua niko Machakos?"

Laiti ingekuwa hivyo.

Simu aliyoishika imejaa vihisi. Kimoja hupokea mawimbi ya setilaiti na kujua alipo kwa kukosea mita chache tu. Kingine huhisi mtikisiko, na kwa mtikisiko huo apu hutambua kama anatembea, yuko juu ya pikipiki au amelala. Hiki cha pili hakiombi hata ruhusa kwenye simu nyingi za Android. Kuna dira, kuna cha kupima mwanga, na baadhi ya simu hupima kanieneo ya hewa kiasi cha kukisia uko ghorofa ya ngapi. Kimojakimoja havina neno. Viunganishe kwa wiki mbili, na simu ya kijana huyu itaeleza analala wapi, anasubiri abiria kituo kipi, Jumapili huingia kanisa gani, na Jumatano mchana alikaa dakika 40 katika jengo gani la hospitali. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata yetu leo ni simu, nayo huongea na watu ambao hatujawahi kuwaona.

Siwezi kusimama hapa niseme apu hizi zizimwe. Mkulima wa Mwala anayetaka kujua kama mvua itafika kabla hajapanda anahitaji apu inayojua yuko Mwala, si Mombasa. Swali langu ni moja: apu inahitaji kujua kiasi gani? Ya mvua inahitaji kujua wadi, haihitaji kujua mwembe ulio nyuma ya jiko. Ya mazoezi inahitaji idadi ya hatua, haihitaji njia niliyopita. Simu yenyewe ina nguvu ya kutosha kufanya hesabu hizo ndani kwa ndani, kisha ikatoa jibu tupu: yuko Mwala, anatembea, hatua 6,000. Kumbukumbu zilizozaa jibu hilo zibaki mfukoni mwa mwenyewe. Jambo hili linawezekana tayari. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, unaweza kuipa apu mahali pa kukadiria tu, eneo la takriban kilomita 3 za mraba. Kwa habari za mvua, hizo zinatosha na kubaki.

Hatari kubwa zaidi iko pale apu moja inapompa mwenzake ilichopewa. Novemba 2020, jarida la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, apu inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za swala na uelekeo wa kibla, ilikuwa ikipeleka data za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode, ambayo nayo iliwauzia wanakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo, na Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaipiga marufuku kampuni iliyorithi X-Mode kuuza data nyeti za mahali. Fikiri kidogo juu ya kibla. Ukiwa Machakos, kuhama kilomita mbili hakubadilishi kibla hata kwa kiwango cha macho kuona. Hesabu yote ingefanyika ndani ya simu bila hata nukta moja kutoka nje. Aliyetoa ruhusa hiyo alitaka kuswali.

Wenye kampuni hujitetea kwamba majina huondolewa. Mwaka 2013 watafiti walichunguza mienendo ya simu za watu milioni moja na nusu, wakagundua kuwa nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kuwatambulisha asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja peke yake. Nyumba unayolala na kazi unayoamkia ni nukta mbili tayari. Jina lako halihitajiki.

Na bado data hizi zinaweza kutusaidia. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2012 ulitumia kumbukumbu za minara ya simu za Wakenya karibu milioni 15, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, na ukaonyesha jinsi wasafiri wanavyobeba vimelea vya malaria kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini kilicholeta faida pale ni mkondo wa watu kati ya sehemu na sehemu. Hakuna daktari aliyehitaji kujua safari ya mama fulani.

Kuna hata mbinu ya kuuliza kundi bila kumvua mtu nguo, iliyotokana na wazo la mtafiti Stanley Warner la mwaka 1965. Chukua baraza la watu 100, uwaulize nani ameshindwa kulipa mkopo. Kila mmoja arushe sarafu kwa siri. Ikiangukia kichwa, aseme kweli. Ikiangukia upande wa pili, aseme "ndiyo" vyovyote iwavyo. Wakisema "ndiyo" watu 60, unajua kama 50 wamesemeshwa na sarafu, na 10 kati ya 50 waliobaki ndio wenye deni: mmoja kwa kila watano. Umepata ukweli wa baraza, na hakuna awezaye kumnyooshea kidole jirani yake. Simu zinaweza kurusha sarafu hiyo zenyewe kabla ya kutuma chochote.

Sheria tunazo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inakataza mambo ya faragha ya mtu kudaiwa pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kikusanywe kile tu kinachohitajika. Januari 2020, Mahakama Kuu iliikataza serikali kuchukua vipimo vya GPS na DNA kwa ajili ya usajili wa Huduma Namba. Kama serikali ilikataliwa, mkopeshaji wa shilingi 2,000 anapata wapi haki hiyo? Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na nambari za watu. Namwomba Kamishna asogee hatua moja mbele: kila apu inayotumika Kenya ieleze, kwa Kiswahili, inasoma kihisi kipi, kwa sababu gani, na inampa nani. Fomu ya mpwa wangu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa kumi na tatu.

Aliifuta apu ile. Kisha tukafungua Mipangilio, tukaingia palipoandikwa Mahali, tukakuta apu tisa zikimfuata usiku na mchana. Tulibakiza moja, ramani anayotumia kazini, nayo tukaiwekea ruhusa ya wakati anapoitumia tu. Tulichukua dakika 10. Tafadhali, msomaji, kabla hujalala leo fungua ya kwako, na uwafungulie wazazi wako pia.