ANGA SI SHAMBA LA BIBI

Julai 20, mwaka 2021, tajiri wa Kimarekani Jeff Bezos alipanda roketi yake mwenyewe kule Texas, akapaa kiasi cha kilomita 107, akaelea kidogo kama unyoya, akarudi chini. Safari nzima ilichukua dakika kama 10. Kwa muda huo mtu wa Manzese aendaye Posta asubuhi bado yuko kituoni anagombania mlango wa basi. Baada ya kutua, akiwa na kofia yake ya pama, tajiri huyo aliwashukuru wafanyakazi na wateja wote wa kampuni yake ya Amazon, akasema wao ndio waliolipia mambo yote hayo.

Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Sisi tunasema siku ile Bezos alisema kweli tupu, na laiti wenzake wangekuwa na ulimi mwepesi kama wake.

Tunaandika haya kwa sababu vijiweni mambo yamepamba moto. Vijana waliozoea kushikana mashati kwa ajili ya Simba na Yanga siku hizi wanashikana pia kwa ajili ya Musk na Bezos. Si jambo baya. Oktoba 13, 2024, sehemu ya chini ya roketi ya Starship, yenye kimo cha ghorofa 20, ilirudi kutoka angani imesimama wima na kudakwa na mikono ya mnara kama mtoto anayedakwa na baba yake. Kijana asiyeshangaa jambo hilo apelekwe akapimwe. Sisi wenyewe tumeiangalia picha ile mara tano.

Lakini ushabiki ni kitu kimoja, na kujua pesa zimetoka mfuko wa nani ni kitu kingine.

Hadithi inayouzwa ni hii: serikali zimeshindwa, matajiri wameingia na vijisenti vyao, na maajabu yakatokea. Soko huria oyee! Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Juni 21, 2004, rubani Mike Melvill, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliruka kutoka jangwa la Mojave na chombo kiitwacho SpaceShipOne, akavuka kilomita 100. Kilikuwa chombo cha kwanza cha watu binafsi kumfikisha mtu huko, na mlipaji alikuwa tajiri Paul Allen. Naye Elon Musk alianzisha SpaceX mwaka 2002, akatia pesa zake, roketi tatu za mwanzo zikaharibika moja baada ya nyingine, na ya nne ikafika Septemba 28, 2008. Ujasiri huo hatuupingi.

Nusu ya pili ndiyo changa la macho. Tangu mwaka 2006, kabla roketi yoyote ya Musk haijafika popote, NASA, ambalo ni shirika la serikali ya Marekani, lilikuwa limekwishaanza kumpa fedha za kutengeneza vyombo. Desemba 2008, miezi mitatu tu baada ya ile roketi ya nne, likampa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Mwaka 2014 ukaja mwingine wa dola bilioni 2.6 wa kubeba watu. Hizo ni kodi za mwalimu na dereva wa lori wa Marekani. Mlalahoi wa kule alinunua roketi, ila jina lililoandikwa ubavuni si lake.

Hatusemi ni wizi. Tangu 2011 Wamarekani walikuwa hawana chombo cha kubebea watu wao, wakawa wanaomba lifti kwa Warusi hadi Mei 2020, pale chombo cha SpaceX kilipopeleka wanaanga wawili. Boeing, kampuni kongwe iliyopewa dola bilioni 4.2 kwa kazi hiyohiyo, ilipeleka watu wawili Juni 2024, chombo kikaleta matatizo, na abiria wake wakarudi Machi 2025 ndani ya chombo cha Musk. Mlipa kodi alipata thamani kwa upande mmoja, kwa upande mwingine alipata aibu. Ndiyo maana mikataba ya kule huwekwa hadharani, kila mtu akajua nani kalamba ngapi. Nasi tunayajua habari hizi kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuje kwenye kiini. Wanaoshabikia wanadhani mashindano haya ni ya nani atafika wa kwanza Mars. Sisi tunaona ni ya nani atamiliki nini akishafika.

Mkataba wa anga wa mwaka 1967 unasema hakuna dola inayoweza kujitwalia Mwezi wala nyota yoyote, na kwamba uchunguzi wa anga ni kwa faida ya nchi zote, tajiri na maskini. Maneno matamu. Mwaka 2015 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayowapa raia wake haki ya kumiliki na kuuza madini watakayochimba huko. Luxembourg ikafuata mwaka 2017, Japani mwaka 2021. Wanasema hawamiliki Mwezi, wanamiliki tu kitakachochotwa Mwezini. Ni sawa na mtu kukuambia shamba ni lako, ila mihogo itakayong'olewa ni yake.

Na msidhani Afrika haikuwahi kufungua mdomo. Desemba 1976, kule Bogota, nchi za Ikweta zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati huo zilitangaza kwamba ile njia ya satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya Ikweta ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake. Kisheria madai yale yalikuwa na kasoro, kwa kuwa mkataba wa 1967 hauruhusu kujitwalia, na wakubwa waliyakataa. Lakini linganisha. Maskini alipodai kilicho juu ya paa lake aliambiwa anga ni ya wote. Tajiri alipodai madini ya Mwezini aliandikiwa sheria.

Halafu kuna Malindi. Kutoka majukwaa ya baharini karibu na Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Walichagua pale kwa hesabu: dunia kwenye Ikweta inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka satelaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Ikapewa jina Uhuru. Wanasayansi duniani kote wanalijua neno hilo la Kiswahili, na sijui ni vijana wangapi wa kijiwe chetu wamewahi kusikia habari zake. Majina ya roketi za Musk wanayo kichwani yote.

Kinachotufikia sisi kwa hakika ni mabaki. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Mkataba wa mwaka 1972 unasema dola iliyorusha ndiyo inayolipa madhara ya ardhini, hata kama mwenye roketi ni mtu binafsi, na aliyeumizwa hana haja ya kuthibitisha uzembe. Kijana wa Makueni anayejua hilo ana silaha mkononi.

Tangu 2022, kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kimekuwa kikijadili, kule Vienna, kanuni za kuchimba rasilimali za anga. Kanuni zenyewe bado zinaandikwa. Tunataka serikali zetu zituambie bungeni, kwa majina: nani ametumwa kule, amesema nini, na kwa maelekezo ya nani?