Utafiti Umfikie Mama wa Newala

Sayansi ya zama zetu imejitwika maswali mawili ambayo wazee wetu waliyajadili barazani bila ya kuwa na chombo cha kuyapimia. La kwanza ni kama mnyama hujijua kuwa yeye ni yeye. La pili ni jinsi mazingira anamoishi mama yanavyomfikia mtoto ambaye bado hajazaliwa. Yote mawili yanastahili heshima. Lakini hili la pili linatugusa sisi wa Lisekese na Masasi yote, pamoja na ndugu zetu wa Newala, kwa namna ya pekee, na hatuna budi kulisema wazi.

Kuhusu wanyama, kazi iliyokwisha kufanyika ni kubwa. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, Gordon Gallup, aliwatia sokwe alama za rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa, kisha akawawekea kioo. Walipozinduka na kujitazama, walizigusa alama zile katika nyuso zao wenyewe. Mwaka 2006 ikatangazwa kuwa tembo mmoja wa New York, aitwaye Happy, naye alijigusa kwa mkonga alama aliyoiona kiooni. Hapa kwetu, Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwachunguza sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, na mwaka huohuo aliwaona wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa. Kazi hiyo ya Gombe imeendelea kwa zaidi ya miaka sitini. Sokwe huyu na yule wanajulikana kwa majina, na imeandikwa nani alimzaa nani.

Hatuidharau kazi hiyo hata kidogo. Amjuaye mnyama humtendea kwa haki zaidi. Tunachotaka wasomaji wetu wakitazame ni ile subira. Ikiwa binadamu ameweza kuufuatilia uzazi wa sokwe kizazi baada ya kizazi, ni haki kabisa kudai subira ya namna hiyohiyo kwa ajili ya mama mjamzito wa uwanda wa Makonde na mtoto wake.

Tunayo sababu ya kudai hivyo, nayo imo katika historia yetu wenyewe. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ya ghafla iliivamia Newala na sehemu za Masasi, wakati huo zikiwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mgonjwa alishikwa na maumivu makali ya viungo hata akashindwa kusimama wima. Wamakonde wakaipa jina chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson wa hospitali ya Lulindi aliandika dalili zake. Mtaalamu Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akaeleza namna ugonjwa ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955. Virusi vyenyewe vilipatikana katika damu ya mgonjwa aliyeugua mwaka 1953. Leo hakuna kitabu cha tiba ya nchi za joto kisichokuwa na neno hilo la Kimakonde.

Chanzo cha maradhi kuenea kwa kasi kilikuwa mazingira. Uwanda wa Makonde una udongo wa mchanga unaonywa mvua yote, na maji yamo mbali chini. Kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni kuyatafuta na kuyapandisha kwa vichwa vyao. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Huwekwa ndani ya nyumba, katika mitungi, kwa siku nyingi. Mbu aina ya Aedes hupenda kutaga katika vyombo hivyo. Kwa hiyo uhaba wa maji, ambao ulionekana kuwa ni adha ya miguu na mabega tu, uligeuka kuwa mlango wa maradhi.

Sasa tuje kwenye uzazi. Uhusiano wa chikungunya na kuzaliwa kwa mtoto haukuthibitishwa Newala. Ulithibitishwa katika kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, wakati ugonjwa huo ulipokiingia mwaka 2005 na 2006 na kuwapata karibu theluthi moja ya wakazi wake. Madaktari wa huko waligundua kwamba mama anayejifungua huku virusi vimo katika damu yake humwambukiza mtoto karibu mara moja katika kila mara mbili. Hata upasuaji haukuwakinga watoto hao. Baadhi yao walidhurika ubongo, na kati ya wale waliofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, karibu nusu walionekana kuchelewa katika maendeleo yao.

Toka 1953 hadi 2005 ni zaidi ya nusu karne. Jibu hilo halikupatikana kwa ajili ya watoto waliozaliwa Newala katika mwaka ule wa homa. Lilipatikana pale maradhi yalipofika penye hospitali zenye maabara na daftari kamili za uzazi.

Wala kisa hiki si cha peke yake. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Dunia haikuvishughulikia sana mpaka mwaka 2015, vilipoenea Brazili na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo. Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mara mbili, basi, Afrika Mashariki imetoa damu ya uchunguzi na jina la maradhi, na mara mbili swali la uzazi limejibiwa kwingine, tena baada ya miongo mingi.

Asije mtu akadhani kuwa tunawalaumu watafiti wale wa kwanza. Wao walifanya kazi kwa vyombo vya wakati wao. Tunasema kwamba nchi huru haina udhuru wa kungoja maradhi yake yaende ng'ambo ndipo yaeleweke.

Uwezo tunao, na tumewahi kuuonyesha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Vyoo vikachimbwa na madimbwi yakafukiwa. Kuhusu malaria, ambayo hujificha katika kondo la nyuma na kumfanya mtoto azaliwe na uzito pungufu, taifa liliendesha mpango wa Hati Punguzo toka 2004 hadi 2014 ili mama mjamzito apate chandarua kwa bei nafuu. Lakini yafaa ieleweke kwamba mbu wa chikungunya huuma mchana. Chandarua cha usiku peke yake hakimtoshi mama huyu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, maji ya bomba yahesabiwe kuwa ni kazi ya afya ya uzazi. Tangu mabomba ya kwanza ya mradi wa Makonde yalipowekwa katika miaka ya 1950, kila bomba linalokauka humrudisha mama kwenye mtungi wa siku nyingi. Pale ambapo mtungi hauepukiki, ufunikwe, na kila wiki usuguliwe ndani kwa nguvu, kwa sababu mayai ya mbu huyu hung'ang'ania kwenye kuta za chombo na huweza kukaa miezi katika ukavu yakingoja maji. Kumwaga maji tu hakutoshi.

Pili, katika zahanati, kila mama anayefika kujifungua aulizwe kama ana homa au alikuwa nayo katika juma lililopita, na jibu liandikwe. Akiwa nayo, apimwe malaria bila ya kuchelewa, na mtoto atazamwe kwa siku kadhaa hata kama kipimo hakikuonyesha kitu. Watoto wa Réunion walizaliwa wakiwa wazima, wakaugua siku chache baadaye. Wakunga wa jadi nao waelezwe jambo hili, maana wao husikia mapema kuliko ofisi.

Tatu, watafiti wanaokuja kuchukua damu na takwimu vijijini warudi kusoma matokeo mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Halmashauri za Masasi na Newala ziweke sharti hilo mwanzoni, kabla ya sindano ya kwanza.

Sokwe wa Gombe anayo kumbukumbu ya ukoo wake iliyoandikwa kwa makini. Mtoto anayezaliwa Newala usiku huu anastahili kumbukumbu isiyopungua hiyo, na kazi ya kuiandika ianze na daftari lililopo zahanati sasa hivi.