Fundi au Msanii? Jibu kwa Wanaowalaumu Wachoraji wa Oyster Bay

Yako maneno ambayo husemwa kila mara wasomi wetu wanapokutana kuzungumza juu ya uchoraji, nayo yamezoeleka hata hayaulizwi ushahidi tena. Husemwa kuwa wachoraji wa Tingatinga, wale wafanyao kazi Oyster Bay katika jiji la Dar es Salaam, ni mafundi tu, wala si wasanii. Kwamba mmoja humwiga mwenziwe, na mwenziwe humwiga marehemu. Na kwamba picha zao ni bidhaa za watalii, sawa na vikapu na bangili za shanga. Mimi nayakana maneno haya. Siyakani kwa huruma, maana huruma haina kiti katika hukumu ya sanaa. Nayakana kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa wanaoyasema hawajajiuliza yanawapunguzia nini watu ambao hawapo barazani kujibu.

Tutazame kwanza habari zenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam, akatumikia nyumba ya Mzungu, na baadaye akawa mtumishi wa hospitali. Hakuingia chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ile ipakwayo baiskeli. Ubao mmoja wa futi nne kwa nane ukikatwa sawasawa hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, wala haubaki ukingo wa kutupwa. Umbo la mraba, ambalo leo ni alama ya uchoraji huu ulimwenguni, lina hesabu hiyo ya mtu asiye na fedha ya kupoteza. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, ambako wakazi wa kigeni walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Maisha yake ya uchoraji hayakutimiza hata miaka mitano.

Katika muda huo mfupi aliwafunza jamaa zake na marafiki, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Henrik Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata. Alipokufa hawakutawanyika wote. Walioshikamana waliendelea kuchora mahali pale pale na kufundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Nauliza: ni vyuo vingapi vyenye majengo, bajeti na walimu wenye shahada ambavyo vingeishi baada ya mwanzilishi kuuawa, bila ruzuku ya kutegemea, kwa kuuza kazi za wanafunzi tu?

Anayeingia katika karakana ile hapewi brashi akaambiwa achore moyo wake. Hupewa ubao aupake rangi ya chini, moja, tambarare, hata pasionekane mstari wa brashi; kisha hungoja ikauke, na rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Baadaye hujaza umbo lililochorwa na mkubwa wake, na kutia madoa ya chui na kanga moja moja. Siku nyingi hupita kabla ya kuchora mnyama wake mwenyewe. Na wakati wote huo ameketi begani kwa mwenziwe, akiona mkono unavyokwenda, akisikia mzaha, akitumwa chai, akijua nani ameuza leo na nani hajauza juma zima. Msomaji akipenda auite utaratibu huu kuiga. Mimi nauita kufundwa, na kwa neno hilo fundi alipata jina lake.

Ajabu ni kwamba sisi, watu wa Kiswahili, tulipaswa kuwa wa kwanza kuufahamu. Mtunzi wa utenzi hutunga kwa vipande vinne, mizani nane nane, na kina cha mwisho kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Hakulibuni umbo hilo. Alilikuta, kama walivyolikuta waliomtangulia. Je, tumepata kumwambia kuwa hana sanaa kwa kuwa mizani yake ni ile ile ya babu zake? Husemwa badala yake kuwa amehifadhi. Muyaka wa Mombasa hakupungukiwa na heshima kwa kutunga shairi lenye vina vya kati na vya mwisho kama wenziwe. Basi kwa nini mizani katika maneno iwe urithi, na mizani katika rangi iwe wizi? Kipimo hiki cha pili hatukukipata kwetu. Tumekiazima kwa watu walioamua kuwa msanii ni mtu wa pekee, aliye mbali na wenziwe, na tunawapimia nacho watu wanaofanya kazi kumi chini ya paa moja.

Najua nitajibiwa kwa jina la Elimo Njau, aliyesoma Makerere na kuanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, ambaye amekuwa akifundisha kuwa kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Namheshimu mzee huyo, na onyo lake lilikuwa na haki yake. Lilitolewa kwa kizazi kilichosomeshwa katika himaya ya Kiingereza, ambacho hatari yake ilikuwa kuazima macho ya wengine. Kuligeuza liwe fimbo ya kumpigia kijana wa Tunduru anayejifunza kwa mjomba wake ni kulipeleka mahali lisikotumwa.

Lipo kosa la kweli, nalo sitalificha. Wako waliotia sahihi ya marehemu chini ya picha ambazo marehemu hakuzigusa, ili wakusanyaji wa ng'ambo walipe zaidi. Huko ni kughushi. Mwenye kuiga husema, nimejifunza kwa fulani. Mwenye kughushi husema, mimi ndiye fulani. Anayeyachanganya mambo haya mawili humtia mwanafunzi mwaminifu katika kesi ya mlaghai. Wapo pia wenye viwanda na maduka wanaopiga chapa picha hizi juu ya vikombe na vitambaa bila kumlipa mchoraji senti, ijapokuwa Tanzania ina sheria ya hakimiliki. Juu ya hao mabaraza yetu yako kimya. Ni rahisi zaidi kumkaripia aliyeketi chini.

Tena nakiri kuwa picha mbovu zipo, nyingi. Twiga mia wenye shingo moja, Kilimanjaro isiyobadilika saa wala msimu. Lakini mnunuzi ndiye aletaye agizo: anataka kama ile aliyoiona kwa rafiki yake, iwe ndogo, iwe juu ya kitambaa ili ikunjwe ndani ya sanduku, iwe tayari kabla ya ndege kuruka. Mchoraji mwenye kodi ya nyumba na ada ya shule atamkataa kwa nguvu ipi? Na bado, ndani ya biashara hiyo hiyo, Mohamed Charinda alichora visa vya vijijini na mashetani vilivyojaa watu na kelele, ambavyo hakuna mtalii aliyemwagiza kwa mfano wa posta. Mtu huyo alitoka katika karakana ya waigaji. Mnamweka wapi?

Sasa niseme na sisi wenyewe. Tunalalamika kuwa wachoraji wanawachorea Wazungu. Ni nani kati yetu aliyewaagiza kazi? Ziingieni ofisi za vyuo vyetu mtazame kutani: kalenda za benki, picha za viongozi, saa iliyosimama. Mikocheni pana Nafasi Art Space, mahali pa karakana na maonyesho tangu 2008, ambapo wachoraji wa namna nyingine nao hufanya kazi bega kwa bega. Wanafunzi wetu wangapi wamefika huko kwa miguu yao, bila kulazimishwa na mtihani? Mnunuzi mgeni hakumnyang'anya mtu nafasi. Aliikuta kiti kitupu.

Na tuandikapo, tunaandika "picha ya Tingatinga" kana kwamba marehemu yungali hai na anachora peke yake kila siku. Jina la mkono uliochora liko pale pembeni chini, limetiwa kwa brashi nyembamba, nasi hatuinami kulisoma. Kisha twasema hawana nafsi zao. Karakana iko wazi mchana, Barabara ya Haile Selassie, na wenyewe wamo. Mwenye kutaka kuendeleza lawama aende kwanza akawaulize majina, ayaandike kwa ukamilifu katika makala yake, amtaje kila mmoja na mwalimu wake, kama tufanyavyo tunapoandika juu ya washairi. Hapo nitakuwa tayari kumsikiliza.