TELA SI MKIA WA GARI



Wako watu wasemao kwamba udereva haufundishwi darasani. Husema: "Mpe kijana utingo miaka miwili, atalijua gari na tela lake. Mtihani wa nini?" Maneno haya twayasikia kwa matajiri wenye magari, na la kusikitisha zaidi, twayasikia hata katika mikutano ya matawi yetu. Sisi tunayapinga, na leo tunasema kwa nini.

Mji wetu wa Morogoro umekaa njia panda. Mizigo itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Msamvu, mingine ikashika njia ya Dodoma, mingine njia ya Mikumi kuelekea Iringa na Zambia. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, gari na tela lake laweza kufikia tani 56. Tani hizo hupita mbele ya akina mama wauzao ndizi zilizoshuka toka Uluguru, mbele ya watoto wa shule na vijana wa bodaboda.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, likalipuka, na ndugu zetu zaidi ya 100 wakafa. Hatumhukumu dereva wa siku ile, wala hatudai kwamba mtihani ungezuia moto ule. Twasema neno moja tu: mji uliozika watu wengi namna hiyo hauwezi kuambiwa kwamba ujuzi wa dereva ni shauri la tajiri na utingo wake.

Sasa itazameni kazi yenyewe. Tela si mkia unaofuata tu. Dereva akirudi nyuma na kukata usukani kulia, tela huenda kushoto. Akishuka mlima kwa gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto na kukosa nguvu. Akifunga breki ghafla kwenye utelezi, tela hukisukuma kichwa cha gari toka nyuma, na gari zima hujikunja likaziba barabara. Asipohakikisha kwamba pini imeshika na mipira ya upepo imefungwa vema, amebeba msiba. Je, mambo haya hujulikana kwa kutazama? Kiti cha utingo hakina usukani wala breki!

Sisi tuliopita chuo cha ualimu hatukuachiwa darasa mpaka tulipofundisha mbele ya mkaguzi na kutahiniwa. Na chaki haijamwua mtu.

Wengine watasema: "Mbona Uingereza imefuta mtihani wa tela mwaka 2021?" Ndugu zetu, someni habari mpaka mwisho. Waliofutiwa ni wenye magari madogo, kwa tela lisilozidi kilo 3,500, na sababu moja ilikuwa kupata nafasi ya kuwatahini madereva wa malori, ambao walikuwa wamepungua. Mtihani wa lori lenye tela haukufutwa. Na hata wangeufuta, hatukujitawala mwaka 1961 ili tuwe tukiuliza London inafanya nini.

Iko hoja moja tunayoiheshimu. Kijana maskini ataipata wapi ada? Na mtihani hautakuwa mlango mpya wa kudai chai? Hofu hii ni ya haki. Lakini dawa yake si kuacha watu wafe. Ada ailipe mwenye gari, maana faida ya safari ni yake. Mtihani ufanywe uwanjani, mchana, mbele ya macho ya watu, na majina ya waliofaulu yabandikwe ukutani. Mahali pa kufundishia papo: VETA ipo Kihonda, hapa hapa Morogoro, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam.

Tena mtihani huu ni ngao ya utingo mwenyewe. Leo tajiri humkabidhi usukani usiku, dereva akiwa amechoka. Ajali ikitokea, tajiri husema hamjui, na kijana hupanda kizimbani peke yake. Mwenye cheti mkononi ana haki ya kudai mshahara wa dereva, na ana sababu ya kukataa kazi asiyofunzwa.

Wala tusisahau matrekta ya Kilombero na Mtibwa yavutayo matela ya miwa. Nayo yanahitaji mtu aliyefunzwa.

Wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini dereva wa tela akifunzwa na ulimwengu, ada hulipwa na wapita njia.

Basi, kila tawi lilete jambo hili katika mkutano wake ujao, na kila mwanachama amwulize diwani na mbunge wake: mtihani wa tela, uwe wake peke yake, lini? Tusikubali jibu la "tutaangalia".

Uhuru na Kazi!