Dawa ya matumbo isingoje kushushwa bei Marekani

Januari 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani na Kanada, la dawa ya kuzuia maradhi ya tumbo yanayorudi kila yanapotibiwa. Matokeo yalikuwa mazuri. Swali kwa Afrika Mashariki ni nani atafaidika nayo.

Maradhi hayo huletwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Mara nyingi huanza baada ya mtu kumeza antibaiotiki kwa ugonjwa mwingine. Antibaiotiki huua pia bakteria wema wanaolinda utumbo, na adui hupata nafasi. Mgonjwa huharisha, hupewa antibaiotiki nyingine, hupata nafuu, kisha huharisha tena.

Dawa iliyojaribiwa, SER-109, huwarudisha walinzi hao. Ni vidonge vyenye bakteria waliotolewa katika kinyesi cha watu wenye afya. Jaribio lilihusu wagonjwa 182 waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi. Ndani ya wiki nane, asilimia 40 ya waliopewa vidonge vitupu waliugua tena. Kwa waliopewa dawa, ni asilimia 12 tu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Aprili 2023, kwa bei ya dola 17,500 kwa dozi ya siku tatu.

Kwa bei hiyo, mkulima wa Kagera au mchuuzi wa Bujumbura ahesabu kuwa dawa haipo. Lakini njia ya bei nafuu ipo. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walieleza jinsi walivyopitisha kinyesi kilichochanganywa na maji katika mpira hadi kwenye utumbo. Wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa mara ya kwanza tu.

Si kazi ya kubahatisha. Mwaka 2019 Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufariki kwa bakteria sugu waliotoka kwa mchangiaji. Kupima wachangiaji kunahitaji maabara nzuri, na hapo ndipo ushirikiano unapokuwa na maana. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao Bujumbura, ndiyo inayofaa kuratibu jaribio moja la nchi wanachama, badala ya kila nchi kuhangaika peke yake.

Wapo watakaosema kipindupindu na homa ya matumbo vitangulie. Ni kweli vinaua. Lakini pale antibaiotiki zinaponunuliwa dukani bila cheti cha daktari, na kipimo cha bakteria huyu kikawa hakipo, kila kuhara hutibiwa kwa antibaiotiki zaidi, yaani kwa kilekile kilichomfungulia adui mlango.

Tena kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bakteria wa tumbo hutofautiana kwa chakula na mazingira. Tumbo la ugali na ndizi halijapimwa katika jaribio lile. Mawaziri wa afya wa Jumuiya waanze na vipimo hospitalini, kisha jaribio. Wakati huo huo, kila mganga amwulize anayeharisha swali lisilo na gharama: umemeza antibaiotiki gani karibuni?