SHAMBA LETU: Chipukizi la mgomba lichovye kwanza

Familia zinazojiandaa kurudi upande wa Kabonga wanatuuliza habari ya migomba, maana mashamba yamelala. Wengi watapewa machipukizi na majirani. Ni wema, ila ndani yake hujificha mayai ya fukusi na minyoo midogo ya mizizi isiyoonekana kwa macho. Baadaye mgomba unaanguka na mkungu wake.

Dawa yake ni maji ya moto. Ukishang'oa, menya kitako kwa kisu mpaka kiwe cheupe, mizizi yote itoke. Ukikuta matundu mengi meusi, tupa. Kisha chovya kitako kwenye maji yanayotokota, hesabu sekunde 30, toa. Ukizidisha unalipika! Wataalamu wana njia nyingine, nyuzi 50 hadi 55 kwa dakika 20, lakini kipimajoto nani anacho? Majirani changeni sufuria moja kubwa, kuni zenyewe ni shida. Na msiyalaze karibu na migomba ya zamani, fukusi hutembea usiku.

Lakini maji hayo hayaponyi ugonjwa wa virusi uliopo Burundi, hasa bonde la Rusizi: majani membamba yanasongamana juu, yamesimama wima, na mgomba hauzai. Vidukari ndio wanaoueneza. Kwenye shina la namna hiyo msichukue chipukizi hata moja, hata lile linaloonekana zima, hata kama mtoaji ni shemeji.