Namba ya Jirani

Saa nane za usiku simu inalia. Ni mdogo wako, kutoka kijijini: mama ameanguka jikoni, hasemi. Wewe uko Muscat, simu imelowa jasho kiganjani. Utampigia nani?

Kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua na kichanga, Tanzania ina 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Kupiga ni bure, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa eneo hilohilo, akalipwa kwa simu. Tunaipongeza kazi hii kwa moyo wote. Lakini mfumo huu haukuundwa kwa ajili ya bibi mwenye shinikizo la damu, na aliye ng'ambo hawezi kutegemea namba fupi ya nyumbani.

Serikali ihakikishe kila mgonjwa wa dharura anafikiwa hivyo hivyo, na itoe namba ndefu inayopigika kutoka nje. Nasi tusingoje. Leo hii tuhifadhi namba ya jirani, ya mtendaji wa kijiji, ya zahanati, na ya yule bodaboda anayeijua njia ya kwa mama hata masika.